Nusu Alama

Kwanza, alisema Verna Kubiak, usitazame picha.
Picha ni laghai, imechorwa ikupendeze.
Geuza kitabu. Anza na mgongo.

Toledo, Ohio, mwezi wa pili,
theluji imegeuka matope mlangoni,
na mimi, niliyepunguzwa kazi kiwanda cha vioo,
niko chini ya taa nahesabu nyufa
za katuni iliyouzwa kwa senti kumi.

Kule kiwandani nilikagua chupa miaka kumi na mmoja.
Chupa nzima, ipite.
Chupa yenye povu shingoni, pipani.
Hapa hakuna pipa. Hapa kuna kumi,
kuna tisa na nusu, kuna nane, na kuteremka
mpaka nusu alama: kitabu kisicho na jalada,
kilichoonjwa na panya, kurasa mbili hazijulikani ziliko.
Na nusu, asema Verna, si sufuri.
Hicho nacho kina mnunuzi wake.

Nikajifunza kunusa. Ghala la chini lina harufu yake,
dari ina yake, na moshi wa sigara haufi.
Nikajifunza pini: kutu ikishaanza
hutambaa karatasini kama chai kwenye mkate.
Nikajifunza weupe: mweupe kweli, maziwa, krimu,
halafu ile rangi ya meno ya mjomba Kazimierz.
Nikajifunza kuhesabu kurasa hata nikiwa na hakika,
maana popote pale kuna mtoto mwenye mkasi
aliyetaka kuponi ya darubini
kuliko alivyotaka mwisho wa hadithi.

Wiki ya tatu kikaja kimoja kinang'aa. Nikakipa nane.
Verna hakunijibu. Alizima taa,
akawasha ile ya zambarau,
na ukingoni mwa jalada likaibuka doa la wino
uliopakwa juzi, kwa mkono mtulivu wa mwizi.
Uzuri wa mkakasi, nami nilishauvaa machoni.
"Tatu," nikasema.
"Tatu," akasema. "Mimi mwaka wangu wa kwanza
nililipia kosa kama hilo kodi ya miezi miwili."

Ijumaa akaingia Bi Etelka Fodor
na sanduku la mabuti, vitabu thelathini na vinne,
vya kaka yake, aliyezikwa Jumanne.
Nikavaa glavu. Cha tatu toka juu:
mzamiaji wa sayari ya chumvi, pweza kamshika mguu.
Kona moja laini. Mkunjo mmoja uliovunja rangi.
Jina kwa penseli, LASZLO, na chini yake
KWA ETELKA: USIGUSE.
Nne, nikawaza. Nne safi.

"Naomba," akasema, akanyoosha mkono mtupu,
na kabla sijapata neno la adabu la kumkataza
alilamba kidole, akafunua.

Mgongo ukalia. Niliusikia.
Alisoma akiwa amesimama, koti halijafunguliwa,
analamba, anafunua, analamba, anafunua,
nami kila ukurasa nafanya hesabu kichwani
na kutazama upande wa Verna
aliyekuwa ghafla na shughuli nyingi na kalenda.

Alipofika mwisho akakifunga kwa kiganja chote.
"Kumbe hakufa," akasema. "Laszlo aliniambia alikufa.
Miaka sitini namlilia yule mzamiaji."

Akauza vyote. Hata hicho.
Akazihesabu noti mara mbili, akauliza basi la Front Street.

Mlango ulipofungwa nikachukua kibandiko.
Verna akainama begani kwangu.
"Kiliingia na ngapi?"
"Nne."
Akakigeuza, akapitisha kucha mgongoni,
akakaa kimya muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Andika tatu na nusu," akasema.
"Ile nusu kaondoka nayo."