Ukufi Mmoja

Kabla jogoo wa jirani hajamaliza ubishi wake na ukungu
nawasha jiko, napima mchele wa watu watatu,
na maji yakiwa bado yanafikiri kuchemka
natoa ukufi mmoja, naumimina katika kopo la bati
lenye maandishi mekundu: LA BWANA.
Ndivyo tufanyavyo huku Mizoram, vilimani,
ambako nyumba husimama kwa miguu mirefu
kama mtu anayechungulia bonde asilonuia kushuka.

Kisha nafungua Kitabu.
Mgongo wake umepasuka; nimeushona kwa uzi wa viatu.
Nasoma kidogo, cha kujaa kiganja,
maana nikisoma kingi wali huungua
na Neno lenyewe halishuki kooni.

Sitakudanganya.
Ziko asubuhi Neno ni chakula,
na ziko asubuhi ni mawe ya kwenye mchele,
nayatema moja moja.
Siku moja mstari ulinishika mkono
tukashuka pamoja ngazi mia mbili na kumi hadi sokoni,
nikauza machipukizi ya mianzi bila kumpunja mtu,
hata yule karani mgeni asiyejua bei.
Siku nyingine nilifunga Kitabu, wino bado u machoni,
nikaenda kumtukana Rodinga, mwanangu wa kumzaa,
aliyerudi alfajiri na shati la mikono mirefu
katika joto la Mei.

Halafu Julai ile.
Mvua siku kumi na tisa.
Mlima ukahama, ukaketi katikati ya barabara,
na malori ya mchele yakabaki ng'ambo;
tuliwaona madereva wakichemsha chai,
wadogo kama sisimizi, wasiofikika.
Gunia tulilikung'uta, tukalikung'uta tena.
Rodinga alikuwa kitandani akitetemeka,
siku ya tatu bila sindano, kwa hiari yake mwenyewe,
akiomba uji.

Nikaligeukia kopo.
Haba na haba ilikuwa imejaza kibaba,
na kibaba hakikuwa changu.
Nikachota.
Mkono haukutetemeka. Nilitetemeka baadaye,
nikiosha sufuria.

Jumamosi akaja Pi Thanpari, mkusanyaji wa kanisa,
mwavuli wake umevunjika ubavu mmoja.
Akalitikisa kopo. Kimya.
Akaitazama sufuria, akautazama mlango wa Rodinga,
akatia mkono katika mfuko wa pili,
si ule wa kanisa, ule wa nyumbani kwake,
akaweka ukufi mmoja katika kopo langu,
akaumwaga papo hapo katika mfuko wa kanisa,
akalamba ncha ya penseli, akaandika daftarini:
Zothansangi, ukufi mmoja.
Kisha akauliza kama paa letu linavuja.
Linavuja, nikasema. Na langu, akasema, akaenda.

Kesho yake zamu yangu ya kusoma ilikuwa majina.
Nilitaka ahadi, nikakuta orodha:
fulani mwana wa fulani mwana wa fulani,
ukurasa mzima wa watu
niliozoea kuwaruka kama madimbwi.
Siku hiyo sikuruka.
Nilitembeza kidole taratibu, nikawatamka kwa sauti,
mmoja mmoja, hata wale wanaoukwaza ulimi,
nikijiuliza ni nani kati yao
aliandikiwa kitu ambacho hakuwa nacho.

Nje mvua ilikuwa imepungua kidogo, si sana.
Kutoka chumbani sauti ya Rodinga, kavu, yenye usingizi:
"Mama, unawaita akina nani?"

"Wote," nikamjibu.
"Tulia. Karibu nikufikie."