Dirisha Lisiloganda

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa mabomba
katika kiwanda cha joto, hapa Kuopio.
Tulichoma mboji ya kinamasi na vipande vya misonobari,
maji ya moto yakapita chini ya barabara
hadi sebuleni kwa watu nisiowajua.
Hiyo ndiyo elimu yangu. Nyingine sina.

Kwa hiyo Daktari Gunvor Sjöblom aliponiambia,
"Tumefunga kiwanda, Taisto,"
nilimwelewa kabla hajashika kalamu.
Sindano moja ya tumbo kila baada ya miezi mitatu,
na korodani zangu zikazima tanuri
kama zamu iliyoambiwa irudi nyumbani.
Testosteroni katika damu: karibu na sifuri.
Saratani ya tezi dume, alisema, italala njaa.

Ikalala. Miezi kumi na tisa.
Mimi ndiye sikulala:
fukuto lilinipanda usiku, kifuani hadi utosini,
nikatoka roshani na fulana, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nikifuka mvuke kama farasi.
Hilkka akanichungulia kiooni, akacheka hadi akakaa chini.
"Karibu, mume wangu. Mimi nilipita hapo miaka saba
na hukuniuliza hata siku moja."
Kweli. Sikumuuliza.

Kisha PSA ikaanza kupanda.
Mbili. Nne. Kumi na moja.
Damu ikapimwa upya: kiwanda bado kimefungwa.
"Basi inakula wapi?"

Nikakumbuka majira ya baridi aliyozaliwa Saimi,
bomba kuu lilipopasuka chini ya reli
na mtaa mzima ukaganda siku mbili.
Nilipita na tochi nikihesabu madirisha,
yote yameota maua ya barafu
isipokuwa moja, orofa ya tatu:
kioo cheusi, kikavu, kimetulia.
Nikapanda. Reijo Puustinen akafungua mlango akitoka jasho.
Alikuwa amefufua jiko la babu yake,
na ndani yake miguu ya kiti, fito za uzio,
mbao za uani ambazo hakuna aliyeziita kuni.
Mita yangu kule kiwandani ilisoma sifuri.
Mita haikusema uongo.
Ila haikuwa chumbani mwake.

Daktari akachora figo mbili na kofia zake.
Humo kofiani, alisema, tezi ndogo
hudondosha steroidi dhaifu, mabaki tu,
zisizo na nguvu ya kuotesha ndevu hata moja.
Zinaelea katika damu kama zile mbao za uani.
Lakini seli ya saratani ina vimeng'enya vyake,
ina msumeno, ina shoka, ina jiko:
huziokota, huzichonga, huzigeuza
homoni kali kuliko ile tuliyoizima,
na kuiteketeza humo humo, chumba kilekile,
moshi usitoke barabarani.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Hiki kimepita nguo, kimepita ngozi,
kimekaa, kimewasha moto.

Reijo sikumripoti. Sheria ilinitaka nimripoti.
Nilivua glavu, nikanywa kahawa yake,
nikapasha vidole kwa kiti chake kilichovunjika.
Huyu wa sasa simpi mkono.

Vidonge vinne kila alfajiri, tumbo tupu.
Havigusi kiwanda. Vinapora mashoka.
Matokeo mwezi wa Aprili, ziwa likianza kulainika,
na mimi, mtu niliyelipwa maisha yangu yote
ili pasiwe na nyumba ya baridi mjini,
naamka kabla ya Hilkka, nasimama jikoni
uso karibu na kioo.

"Unatafuta nini hapo?" anauliza kutoka kitandani.

Barafu, namwambia.
Nangoja iote.