Vibarua

Bombo walinipasua asubuhi ya Jumanne.
Walitoa uvimbe mkubwa kama dafu,
wakanishona kwa uzi ambao sikuuona,
na niliporudi Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
majirani walikuja na uji wa pilipili manga,
wakasema: pole, yamekwisha.
Nami nikaamini yamekwisha.

Mwezi wa kwanza kidonda kilifunga.
Mwezi wa pili niliweza kuinama, nikafua soksi.
Mwezi wa tatu, siku ya kuosha nywele,
maji yalisimama bafuni.
Nikaingiza kidole kwenye tundu,
nikatoa kitu cheusi, laini, kizito,
nikakirusha huku napiga ukelele.

Hakuwa panya.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Maji nilitia, miaka yote nilitia:
nilipokesha na wagonjwa wa watu,
nilipobeba masufuria ya misiba.
Hakuna aliyeniambia yupo kinyozi asiye na wembe,
ajaye wageni wakishaondoka,
akafanya kazi yake usiku, juu ya foronya.

Mwanamvua msusi alinipitisha chanuo mara moja tu.
Akalitazama. Akalifuta kwa upindo wa kanga yake,
upande wa ndani, nisione.
"Dada Kidawa, wiki hii tuache,"
akasema, yeye ambaye tangu nimjue
hajaacha hela ipite mlangoni.
Kwenye benchi mmoja akataja jicho la mtu,
mwingine mafuta ya nyonyo,
mwingine kitunguu maji.
Nilinunua kitunguu. Nilinuka kachumbari siku tisa.

Shekue, mume wangu, hakusema neno.
Ila alfajiri moja nilifumbua jicho
nikamwona anaziokota juu ya mto wangu, moja moja,
kama mtu anayetoa miba ya samaki
kwenye sahani ya mtoto.
Nikajifanya nimelala.

"Ulipokuwa unapigania uhai," daktari alisema,
"mwili ulisimamisha yasiyo ya lazima. Zitarudi."
Nikamwelewa kuliko alivyojielewa.
Mie mtoto wa kambi, wa mashamba ya mkonge.
Baba alikuwa korona, akiilisha mashine majani.
Bei iliposhuka, aliyetangulia kuondoka
hakuwa meneja, wala haikuwa mashine;
ni vibarua, wale wa nyumba za pembeni,
wakifunga vikapu vyao bila kelele,
na kambi ikabaki na uwazi hapa na pale,
kama kichwa changu.

Kumbe hawakunitoroka. Walipunguzwa
ili moyo ulipwe, ini lilipwe,
kidonda kipate posho.
Nami nilikuwa nawalaani.

Kule kambini, kwenye kamba za kuanikia,
singa zilining'inia nyeupe, ndefu kuniliko.
Niliiba fungu, nikalifunga kwenye komeo la mlango,
na hapo ndipo vidole vilipojifunza twende kilioni.
Vidole havijasahau.

Jana Zuhra, miaka sita, aliuliza kama kichwa kinauma.
Nikamwambia hakiumi. Akaomba akishike.
Akakishika vile wanavyoshika machungwa soko la Mgandini:
akikigeuza, akiminya, akitafuta palipolainika.
"Mama, hapa pana miba."

Nikachukua kioo.
Juu ya kipaji: fupi, wima, hazina adabu,
hazisikii mafuta, hazisikii kitambaa.
Sita. Labda saba, na moja ni nyeupe.
Mwanamvua hawezi kuzishika hata kwa kucha.

Najua si wote watakaorudi.
Kambini pia hawakurudi wote,
na wengine waliokuja hatukuwajua majina.
Nimeketi kizingitini kama mnyapara,
kioo mkononi, kanga mabegani,
nawaandikia kipande.