Daftari la Madeni

Jana usiku nilipanda Kadutu mara tatu
na gunia la makaa lisiloisha,
nikaosha sahani za arusi ya watu nisiowajua;
shangazi Nsimire, marehemu, akanidai chenji.

Alfajiri mgongo unauma kwelikweli.
Byamungu auliza: umelala?
Nimelala, ila sikupumzika.

Siku hizi ndoto naziandika kwenye daftari la madeni,
chini ya sabuni ya Mapendo, nusu kilo ya sukari:
Makaa. Gunia moja. Halijalipwa.
Nikilifunga, zinapungua uzito kidogo.
Kidogo tu.

Leo nimeandika tarehe, basi.
Mvua ilipiga mabati usiku kucha,
mifereji ikafurika kule chini,
nami macho wazi,
mikono mitupu juu ya blanketi,
sikubeba kitu.