Jogoo wa Ghorofa ya Tatu

Insha sitini na mbili, na katika zote
jua limechomoza matlai,
majogoo wamewika, ndege wametumbuiza,
mwandishi ameamka bukheri wa afya,
akapiga mswaki, akastaftahi,
kabla hajakumbuka aliambiwa aandike nini.
Nilikuwa nimeuliza habari za ajali barabarani.
Ajali ilitokea mstari wa mwisho,
kengele ikiwa imeshalia.

Siwalaumu. Nami niliuziwa jogoo huyo huyo
nikiwa na miaka kumi, kwa alama mbili za ziada,
na tangu nishike chaki nimekuwa nikimuuza
kwa bei ile ile.

Jumapili nikakata pakiti za unga,
vipande vya upana wa vidole viwili,
nikaandika upande usio na chapa
maswali ambayo mwenyewe sikuwa na majibu yake:

Nini kilikuamsha leo, kabla hujafumbua macho?
Mlango wenu ukifungwa husema nini?
Ngazi za ploti yenu hunuka nini siku ya Ijumaa?
Taja kitu ulichoazima na hujakirudisha.

Nikavitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia,
na Jumatatu nikalitikisa mbele ya Gredi ya Nne.
Nje, mafundi wa Kariobangi walikuwa wakiponda mabati;
kila neno langu lilipenya kati ya nyundo mbili.

"Mwalimu, hii ni ya alama ngapi?"
Haina alama.
"Tuanze na methali?"
Kama unayo. Kama huna, anza na mlango.

Kalamu zikatafunwa.
Kemunto akapiga mstari wa pambizo, akaufuta, akaupiga tena.
Mutheu aliandika: Mlango wetu hausemi. Ni pazia.
Akautazama mstari huo kama ulioandikwa na mtu mwingine,
akauliza kama anaruhusiwa kuishia hapo.
Ongeza mmoja tu, nikamwambia.
Akaongeza: Wageni hubisha kwa mdomo, ko, ko, ko.

Nikatoka kidogo.
Nikasimama karibu na mfereji, nikijifanya nakagua maji.

Si wote. Nzioki aliandika "Sijui" wiki nzima,
kwa hati nzuri, na nukta mwishoni.
Ila "Sijui" ya Alhamisi ilikuwa na mkia:
Sijui kwa sababu siku hizi nalala kwa shangazi.

Kisha Lokwawi, wa dawati la nyuma,
akachomoa kile cha kwanza,
na neno lake la kwanza likawa: Jogoo.
Nikashika kalamu nyekundu kama mtu aliyeshika panga.

Jogoo wa Mama Rehema anakaa ghorofa ya tatu
ndani ya kreti ya soda. Anawika saa nane usiku
kwa sababu mulika mwizi iko sawa na dirisha
na yeye anafikiri ni jua. Watu wanamtukana.
Mimi namhurumia. Jua lenyewe likija
amechoka, hainui kichwa.

Nikaifunika kalamu kifuniko chake.
Palikuwa na makosa mawili ya tahajia;
nikayaacha yalale hadi kesho.

"Na wewe, mwalimu, chomoa."
Nani alisema, sikuona. Kopo lilikuja mbele
likipokezwa mkono kwa mkono.
Nikachomoa: kitu ulichoazima na hujakirudisha.

Chaki ikakaa hewani.
Nikaandika "Jua", nikafuta kwa kiganja.
Darasa likacheka, hata Nzioki.
Mabati yaliendelea kupondwa huko nje,
na vumbi jeupe likanishukia mkononi.
Nikaandika: Niliazima jogoo.

Lokwawi akainua mkono, uso mkavu,
kama mtu anayesahihisha.

"Wa nani, mwalimu? Na alikuwa wa rangi gani?"