Daftari la Jalada la Kijani

Bawa la kwanza lilipita alfajiri,
lori likitambaa kama mgonjwa anayejifunza kutembea.
Waling'oa taa ya njia panda, taa yetu pekee,
wakabomoa pembe ya ukuta wa benki iliyofungwa
ili kona ipatikane.
Tulisimama barabarani, makoti juu ya nguo za kulalia.
Wade Goertzen alilipima bawa kwa hatua zake:
themanini na saba, akapoteza hesabu, akarudia.

Hapa Corbin Wells, Kansas, upepo tunaujua.
Ndio uliomfukia babu yangu ng'ombe kumi na mmoja,
ukalihamishia shamba lake kaunti ya jirani
bila hati, bila sahihi.
Bibi alitundika mashuka mabichi madirishani
na bado mkate wao ulikuwa na mchanga.
Kwa hiyo kijana mwenye tai alipokuja na ramani,
akasema upepo utatulipa,
nilimmiminia kahawa, nikamwambia:
basi uanze na deni la babu.

Mimi ni Verna. Nauza mayai, viazi na kahawa,
na nina daftari la madeni lenye jalada la kijani.
Ninachokijua kuhusu uchumi kimo humo.

Walikuja Machi, watu mia mbili wenye njaa ya zege.
Trei arobaini za mayai kwa wiki!
Niliajiri wasichana wawili.
Nyumba ya marehemu Stucky, iliyokuwa ya popo,
ikapangwa na mafundi umeme wanne kutoka Texas.
Duka la vyuma likaishiwa glavu,
kinyozi akanunua kiti cha pili.
Nami nikachukua rula nikaanza kufuta:
Ediger, mstari. Unruh, mstari.
Mjane Penner, ambaye miaka yote alinilipa kwa jamu ya cheri,
aliweka noti mpya kaunta
akatoka mbio kama aliyeiba.

Upepo huvuma kwa wote;
kodi ya ardhi haivumi hivyo.
Wade ana minara minne.
Orrin, ndugu yake tumbo moja, ng'ambo ya barabara ya changarawe,
hana hata mmoja,
ana taa zao nyekundu tu, zikipepesa dirishani kwake usiku kucha.
Zamani waliketi meza moja.
Sasa mmoja huja saa kumi na mbili, mwingine saa mbili,
nami sisemi neno,
nafuta makombo ya huyu kabla ya yule kuketi.

Oktoba winchi iliondoka,
na watu mia mbili wakaondoka na matumbo yao.
Trei arobaini zikawa sita.
Kiti cha pili cha kinyozi hulaliwa na paka.
Msichana mmoja nilimwachisha kazi
huku nimeligeukia sinki, nisione uso wake.

Kilichobaki nakihesabu bila kukipamba:
paa la shule lisilovuja,
basi la wanafunzi lenye joto,
gari la wagonjwa, letu wenyewe,
lililomwahi Orrin Januari moyo ulipomshika,
Orrin huyohuyo aliyeapa hatagusa senti ya minara.
Na kazi tisa za kudumu.
Moja ni ya Kaylin wangu.
Hupanda ndani ya mnara futi mia tatu,
kamba kiunoni, mkate wangu mfukoni,
nami huku chini navunja mayai
nikijifanya sitazami saa.

Anasema kule juu nyumba zote mbili za akina Goertzen
zinaenea kwenye kiganja,
na kati yake kuna kijinjia kwenye nyasi,
kimeanza kukanyagwa tena.
Nani anayekikanyaga, hajui.
Huwa usiku.

Jana nilifunua ukurasa wa mwisho wa daftari,
nikaandika jina jipya kwa kalamu ya wino:
Upepo. Amelipa kiasi.
Salio nitamdai.