Robo ya Mkono

Kisanduku kilikuja kwa posta,
hakizidi viberiti viwili vilivyobebana:
vibonyezo vitatu, taa mstari mmoja,
na maelezo ya mtu asiyependa kuulizwa.

Orrin, mtoto wa kaka yangu, alibadilisha ekzosi mwezi wa nne.
Shangazi, akasema, sasa itaimba.
Haikuimba. Ilikohoa.
Nikiachia mkono kwenye mteremko wa Homestake
ilitatarika nyuma yangu kama bisi sufuriani,
mbwa wa akina Kettunen wakatoka hadi barabarani kuitukana.

"Ina njaa," nikamwambia.
"Umeipanua pua, hujaiongezea chakula."

Hapa Butte hewa yenyewe ni haba.
Mgeni akipanda ngazi mbili anashika ukuta.
Kompyuta ya kiwandani inalijua hilo, inapima, inapunguza,
ila haina habari za Orrin na msumeno wake.

Jumamosi asubuhi, nimetoka zamu ya usiku,
viatu vya hospitali bado miguuni,
tukang'oa kiti, tukalilaza tangi juu ya blanketi,
tukakichomeka kisanduku kati ya kompyuta na nozeli,
kama mkalimani anayeketishwa kati ya ndugu wawili.

Kijani ni mwendo wa kutulia.
Njano ni pale unapokunja mkono ghafla.
Nyekundu ni pale ambapo umeshaamua.

Orrin alitaka kuzipandisha zote kwa mpigo.
Ana miaka kumi na tisa.
Nikamshika kifundo. Moja. Nusu ya moja.
Kisha barabarani. Kisha tusikilize.

Wodini ndivyo ninavyofanya:
oksijeni lita moja, si mbili,
naketi, naitazama midomo ikirudiwa na rangi.
Mzee Sarkkinen alichimba shaba miaka thelathini,
mapafu yake yamejaa mlima.
Ukimfungulia hewa yote kwa huruma, anasinzia,
na huenda asiamke.
Huruma nayo ina kipimo chake.

Tulipanda na kushuka mara tisa.
Mara ya tatu ikanuka petroli mbichi,
ikajikokota kama mtu aliyetoka karamuni.
Mara ya tano tuligombana, sikumbuki kwa nini,
Orrin akarudi kwa miguu akipiga teke mawe.
Mara ya saba nilikuwa peke yangu:
nikaikamua hadi karibu na kilele,
nikabana klachi, nikazima injini ikiwa katikati ya kazi,
nikaserereka kimya mpaka kwenye kokoto.
Nikasikia chuma kikipoa, tiki, tiki,
na upepo kwenye misonobari.

Plagi ya kwanza ilikuwa nyeupe kama mfupa.
Ya mara ya tatu, nyeusi, masizi yakanishika vidole.
Hii niliifunga kwenye leso nikampelekea Orrin.
Akaiinua juani, hasira zimemwisha.
"Kama biskuti," akasema.
Kama biskuti iliyochovywa chai.

Limebaki moja. Robo ya mkono, gia ya tatu,
pale barabara inapokata kona juu ya shimo la mgodi,
bado inasita. Kidogo tu,
kama mtu aliyesikia jina lake
asiwe na hakika kwamba ni yeye.
Sehemu hiyo haina taa yake.
Si ya kijani, wala bado si ya njano.
Mara mbili za mwisho tuliitafuta, hatukuipata,
tukarudisha tangi, tukafunga kiti.

Jumatatu usiku nikaegesha chini ya dirisha la wodi,
nikapanda, nikanawa, mikono bado inanuka.
Mzee Sarkkinen alikuwa macho.
"Leo," akasema,
akangoja hewa imfikie,
"haikukohoa."

Nikasoma mpira unaoelea kwenye kipimo chake.
Lita moja na nusu.
Nikauacha hapo hapo.